Tusiifunge imani kwenye sekunde ya kwanza

Kuna hoja ambayo siku hizi utaisikia msikitini, kanisani na kwenye midahalo ya mitandaoni kwa maneno yanayokaribiana sana: wanasayansi wenyewe wamekiri kwamba ulimwengu ulianza, kila kilichoanza kina aliyekianzisha, basi Mungu yupo na mjadala umekwisha. Upande wa pili hujibu kwa haraka ileile: fizikia ya leo ina njia za kueleza ulimwengu usio na mwanzo, basi Muumba hana kazi iliyobaki. Watoa hoja hawa hujiona mahasimu. Mimi naona wameshakubaliana katika jambo kubwa kuliko hilo wanalobishania. Wote wanaamini kwamba suala la Mungu linategemea kama palikuwa na sekunde ya kwanza: ikiwepo, amepatikana, isipokuwepo, ametoweka.

Mimi ninaamini kwamba ulimwengu una Muumba, na ndiyo sababu hoja hii inanisumbua. Inaibebesha fizikia mzigo isioweza kuubeba, na inaifanya dini itegemee nguzo ambayo wanazuoni wake wakubwa waliikagua karne nyingi zilizopita, na baadhi yao wakakataa kuijengea juu.

Tuanze na fizikia, maana hapo ndipo mambo yanapochanganywa zaidi. Kuanzia mwaka 1912, mwanaastronomia Vesto Slipher alipima mwanga wa yale yaliyodhaniwa kuwa mawingu ya mbali yenye umbo la mzunguko, akakuta kwamba mwingi wake umeegemea upande wa wekundu, dalili kwamba vyanzo vyake vinatuacha kwa kasi. Mwaka 1922 mwanahisabati Aleksandr Friedmann alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein ya uvutano inaruhusu ulimwengu unaotanuka. Mwaka 1927 padri Mbelgiji, Georges Lemaître, aliyaunganisha mambo hayo mawili: galaksi hazisafiri kutoka kitovu kimoja kwenda kwenye utupu uliokuwa unazisubiri, bali anga lenyewe linatanuka na kuzibeba. Miaka miwili baadaye Edwin Hubble akachapisha vipimo vilivyowashawishi wengi.

Kama vitu vyote vinaachana, basi zamani vilikuwa karibukaribu, na vilikuwa na joto kali. Hilo halikubaki kuwa dhana. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walinasa kwa antena yao huko New Jersey mvumo wa mawimbi ya redio uliotoka kila upande wa anga kwa kiwango kilekile. Ulikuwa mwanga wa kale, ulioachiwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi na kupoa kiasi cha kuruhusu atomu kujiunda. Leo mwanga huo umepoa hadi Kelvini 2.725, yaani chini ya digrii tatu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Rudi nyuma zaidi, hadi dakika chache za mwanzo, na hesabu za nyuklia zinatabiri kwamba karibu robo ya uzito wa mata ya kawaida iwe heliamu na karibu yote iliyobaki iwe hidrojeni. Ukipima gesi ambazo nyota hazijazichafua sana, ndicho unachokuta. Hayo yote ni maarifa imara, na anayekataa kwamba takribani miaka bilioni 13.8 iliyopita ulimwengu tunaouona ulikuwa moto na umebanana sana, anakataa ushahidi ulio wazi.

Lakini "moto na umebanana sana" si sawa na "haukuwepo kisha ukawepo". Ukiirudisha nyuma milinganyo ya Einstein bila kusimama, unafika mahali ambapo msongamano hauna kikomo. Roger Penrose na Stephen Hawking, katika kazi zao za kati ya 1965 na 1970, walithibitisha kwamba nadharia hiyo haiwezi kuukwepa ukingo huo chini ya masharti fulani. Ukingo huo haujaonwa na mtu yeyote, wala si tukio lililopimwa. Ni mahali ambapo nadharia inaishiwa na maneno. Kabla ya kama sekunde 10 kwa kipeo cha hasi 43, uvutano na fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo mno kama chembe za atomu, lazima vifanye kazi pamoja, na hatuna nadharia iliyojaribiwa inayovifanya vifanye hivyo. Kwa hiyo tunaposema "Mlipuko Mkubwa" kwa maana ambayo ushahidi unaiunga mkono, tunasimulia jinsi ulimwengu ulivyokua kutoka hali moja kwenda nyingine. Kama kulikuwa na kitu kabla ya hali ile ya kwanza tunayoweza kuifikia kwa hesabu, nadharia hii haina la kusema. Msemaji akikueleza jukwaani kwamba sayansi imethibitisha ulimwengu ulitoka katika kutokuwepo, ujue amevuka mpaka ambao sayansi yenyewe iliusimamia.

Na aliyeuona mpaka huo mapema kuliko wote alikuwa yuleyule padri.

Lemaître ndiye aliyependekeza mwanzo. Mei 1931, katika barua fupi kwenye jarida la Nature, aliandika kwamba ulimwengu ungeweza kuwa umeanza kama kwanta moja, ambamo wakati na anga vilikuwa bado havina maana. Rasimu ya barua hiyo ilikuwa na aya ya mwisho iliyomtaja Mungu: alisema kwamba anayemwamini Aliye Juu anamwamini pia kuwa amefichika, na angeweza kufurahi kuona jinsi fizikia inavyoweka pazia linaloficha uumbaji. Kisha akaikata aya hiyo kabla ya kuchapisha. Mara nyingi nimetafakari ule mstari wa kalamu. Hapa alikuwa mtu mwenye kila sababu ya kupiga tarumbeta, mwenye joho la upadri na hesabu mkononi, lakini alichotaka kukisema juu ya Mungu ni kwamba fizikia inamficha. Baadaye, mwaka 1958, alisema waziwazi kwamba kwa kadiri anavyoona, nadharia yake iko nje kabisa ya maswali ya metafizikia na dini, na akarejea maneno ya Isaya juu ya Mungu ajifichaye, akiongeza kwamba amejificha hata katika mwanzo wa ulimwengu.

Kati ya tarehe hizo mbili palitokea jambo ambalo kila anayehubiri kwa kutumia Mlipuko Mkubwa angefaa kulijua. Tarehe 22 Novemba 1951, Papa Pius XII aliihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi. Alisema kwamba sayansi ya kisasa, ikiruka nyuma mamilioni ya karne, inaonekana imefaulu kuwa shahidi wa lile neno la kwanza "Iwe nuru". Kutoka hapo akasogea hadi kwenye uumbaji, kutoka uumbaji hadi Muumba. Zilikuwamo tahadhari katika hotuba hiyo, lakini dunia haikuzisikia tahadhari. Ilisikia kwamba Papa amesema maabara zimempata Mungu.

Lemaître, ambaye alikuwa mwanachama wa Akademia hiyohiyo, hakufurahi. Wakati ule nadharia yake haikuwa imeshinda. Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walikuwa wamependekeza mwaka 1948 ulimwengu unaotanuka milele bila mwanzo, mata mpya ikizaliwa polepole kujaza nafasi zinazoachwa. Tena nadharia ya mwanzo ilikuwa na aibu kubwa: vipimo vya Hubble viliupa mtanuko umri wa miaka bilioni 2 hivi, wakati miamba ya Dunia ilikwisha kuonyesha umri mkubwa kuliko huo. Ulimwengu ulikuwa mdogo kwa umri kuliko sayari iliyomo ndani yake! Fikiria mtu aliyeiweka hoja ya kuwepo kwa Mungu juu ya hesabu ya namna hiyo. Septemba 1952 wanaastronomia wa dunia walikutana Roma, na Papa akawahutubia tena. Safari hii hoja ile hakuirudia, na inaaminika kwamba Lemaître alikuwa na mkono katika utulivu huo. Katika mkutano huohuo Walter Baade alitangaza kwamba umbali wa galaksi ulikuwa umekadiriwa nusu ya ulivyo, na umri wa ulimwengu ukaongezeka maradufu. Hakika iliyodaiwa Novemba ilikuwa imebadilika kabla ya mwaka kwisha.

Watu hupenda kuisimulia historia hii kama vita: waumini wakiwa upande wa mwanzo, wasioamini upande wa umilele. Ni kweli Hoyle hakuamini na hakuipenda harufu ya uumbaji. Ni kweli pia kwamba katika Umoja wa Kisovyeti wa Stalin, kosmolojia yenye mwanzo ilishambuliwa kama udhanifu, yaani falsafa inayotanguliza fikra mbele ya mata, unaofungulia dini mlango wa nyuma. Lakini mwanaastronomia Arthur Eddington, Mkweka (mfuasi wa madhehebu ya Kikristo ya Quaker) aliyeishika imani yake kwa dhati na aliyemfundisha Lemaître huko Cambridge, aliandika mwaka 1931 kwamba wazo la mwanzo wa mpangilio huu wa maumbile linamchukiza kifalsafa. Mwanaastronomia William McCrea, Mkristo, aliiunga mkono nadharia ya Hoyle. Mioyo ya watu hao ilikuwa na mambo mengi zaidi ya mizani ya "mwanzo ni wa Mungu, umilele ni wa shetani".

Sasa turudi nyuma zaidi, kwa kuwa sehemu hii ndiyo yenye utajiri.

Mwaka 529 huko Alexandria, Mkristo Yohane Philoponus aliandika dhidi ya mwanafalsafa Proclus aliyefundisha kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Alitumia hoja ambayo bado inazunguka: yasiyo na mwisho hayawezi kumalizwa, kama wakati uliopita hauna mwanzo, siku zisizo na mwisho zilipaswa kupita kabla ya leo, basi leo isingefika. Hoja hiyo ikawafikia Waislamu wa Kalamu, yaani elimu ya kuitetea itikadi kwa hoja za akili, na mwaka 1095 huko Baghdad Abu Hamid al-Ghazali akaifanya silaha katika kitabu chake cha kuwavunja wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa. Katika masuala 20 anayowashambulia, umilele wa ulimwengu ndio wa kwanza, na ni mmojawapo wa matatu aliyoyahukumu kuwa ni ukafiri. Anauliza, kwa falaki ya zama zake: jua huzunguka mara moja kwa mwaka, Zohali mara moja kwa miaka 30. Kama mizunguko haina mwanzo, ile ya Zohali ni sehemu moja ya thelathini ya ile ya jua, na hata hivyo zote hazina idadi. Inawezekanaje? Na idadi ya mizunguko iliyokwisha kupita, ni shufwa au witiri?

Ni swali zuri, na kwa karne nane hakuna aliyekuwa na zana za kulijibu sawasawa. Zana zilikuja mwishoni mwa karne ya 19 kupitia mwanahisabati Georg Cantor. Katika hisabati yake, mizunguko ya jua na ya Zohali inaweza kupangwa mmoja kwa mmoja bila kubaki, kwa hiyo ni mingi sawa, na suala la shufwa au witiri halihusu wingi wa aina hiyo. Ni ajabu, lakini halina mkinzano. Na Cantor hakuwa mpinzani wa dini: alikuwa mcha Mungu aliyeandikiana barua na Kardinali Franzelin kueleza kwamba wingi usio na kikomo haumpunguzii Mungu chochote.

Ile hoja ya siku kutofika ina udhaifu wa namna nyingine, na mwanateolojia Mkatoliki Thoma wa Akwino aliuona katika karne ya 13. Kupita ni kwenda kutoka mahali fulani hadi mahali fulani. Chagua siku yoyote iliyopita, hata ya mbali kiasi gani, na kati yake na leo kuna siku zenye idadi. Anayesema "siku zisizo na mwisho zilipaswa kupita" amekwisha kuingiza kwa siri siku ya kwanza iliyo mbali pasipo kikomo, na ndiyo hiyo iliyokanushwa tangu awali.

Thoma alikuwa mtu wa Kanisa, na Mtaguso wa Laterano wa 1215 ulikuwa umekwisha kukiri kwamba uumbaji ulikuwa na mwanzo. Aliamini hivyo bila kusita. Alichokataa ni kwamba jambo hilo linaweza kuthibitishwa kwa akili peke yake. Mwanzo wa ulimwengu, alisema, ni wa kuaminiwa, si wa kuonyeshwa kwa hoja. Na akaonya kwamba anayejitia kuthibitisha mambo ya imani kwa hoja legelege huwapa wasioamini nafasi ya kucheka, wakidhani kwamba tunaamini kwa sababu hizo. Bonaventura, aliyefundisha katika jiji lilelile la Paris, alimpinga. Wote wawili walifariki mwaka 1274, na miaka mitatu baadaye askofu wa Paris, Étienne Tempier, akalaani kauli 219 za wanafalsafa, kadhaa zikihusu umilele wa ulimwengu. Musa bin Maimun, Myahudi wa Córdoba, alikuwa amekwisha kufika karibu na mahali pa Thoma kabla yake: Aristotle hakuthibitisha umilele, na wanakalamu hawakuthibitisha mwanzo.

Kwa nini Thoma aliweza kuliachia suala hili bila hofu? Kwa sababu kwake kuumbwa hakukuwa tukio la siku ya kwanza tu. Kilichoumbwa ni kile ambacho hakina kuwepo kwake chenyewe. Kimepewa, na kinaendelea kupewa. Agostino alikuwa ameunakili mfano wa wafuasi wa Plato: kama mguu ungekuwa umesimama kwenye vumbi tangu milele, alama yake nayo ingekuwa ya milele, na bado mguu ndio ungekuwa sababu ya alama. Ondoa mguu, hapana alama. Urefu wa muda haubadilishi nani anamtegemea nani.

Huo ndio uliokuwa msingi wa mwanafalsafa Mwislamu Ibn Sina, karibu karne mbili na nusu kabla ya Thoma. Alivigawa vilivyopo: kile ambacho kuwepo kwake ni lazima, na vile vinavyoweza kuwepo au kutokuwepo. Hivi vya pili, hata kama havina mwanzo, haviwezi kujisimamisha. Vinahitaji kitu nje yavyo cha kuegemeza mizani upande wa kuwepo. Kwake ulimwengu ni wa milele na bado ni tegemezi tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanafalsafa Ibn Tufayl, huko Andalusia, alimtunga Hayy bin Yaqzan, mtu aliyekulia kisiwani peke yake, akamfanya alipime suala hili kwa miaka bila kupata upande unaoshinda. Kisha Hayy anagundua kwamba pande zote mbili zinampeleka kwenye hitimisho moja: kuna Mtendaji asiye mwili. Huwa nashangaa kwamba ukurasa huo hausomwi zaidi katika mijadala yetu.

Hata hivyo sitaki kumdhulumu al-Ghazali. Watu humsoma kama mtu aliyekuwa akitetea tarehe, nami nadhani alikuwa akitetea kitu kizito zaidi, yaani irada, ule uhuru wa Mungu wa kutaka na kuchagua. Kama ulimwengu unamtoka Mungu kwa lazima, jinsi mwanga unavyolitoka jua, basi Mungu hakuchagua. Hawezi kuacha, hawezi kufanya vingine, na dua inayoelekezwa kwake haina wa kuipokea. Huyo si Mungu wa Qur'ani, na al-Ghazali alikuwa na haki ya kusema hivyo kwa sauti kubwa. Pale ninapoachana naye ni pale anapoona kwamba irada inahitaji wakati wa kutokuwepo utangulie. Mungu asiyefungwa na wakati angeweza kutaka, kwa hiari, ulimwengu wenye mwanzo au usio na mwanzo. Mwanafalsafa Ibn Rushd alipomjibu aliona kitu cha jinsi hiyo: tofauti ya makundi haya juu ya ulimwengu si kubwa kiasi cha kuitana makafiri.

Mwaka 1979 mwanafalsafa Mkristo William Lane Craig aliifufua hoja ya Kalamu kwa lugha ya Kiingereza na kuiunganisha na kosmolojia, na nyingi ya hoja tunazosikia sasa zimetoka huko. Tegemeo lake kuu la kisayansi limekuwa kanuni iliyothibitishwa kihisabati mwaka 2003 na Arvind Borde, Alan Guth na Alexander Vilenkin. Inasema kwamba anga-wakati lolote (anga na wakati vikichukuliwa kuwa kitu kimoja) ambalo kwa wastani limekuwa likitanuka haliwezi kurefushwa nyuma bila kikomo. Njia zake zinafika ukingoni. Ni matokeo ya maana sana. Lakini yanasema kwamba maelezo ya mtanuko peke yake yanakoma, na kwamba ng'ambo ya hapo panahitajika fizikia nyingine. Vilenkin huyasoma kama dalili ya mwanzo. Guth, aliyeandika hesabu hiyohiyo, ameegemea kwenye wazo kwamba huenda ulimwengu ni wa milele. Wenye hesabu wakitofautiana namna hii juu ya maana yake, mhubiri hana ruhusa ya kuitangaza kama hukumu ya mwisho.

Upande wa wasioamini nao una deni lake, na si dogo. Vilenkin alipendekeza mwaka 1982 kwamba ulimwengu ungeweza kuchomoza kwa mruko wa kwanta "kutoka katika hakuna". Mwaka uliofuata James Hartle na Hawking wakapendekeza ulimwengu ambao wakati wake hauna ukingo, kwa hiyo hauna nukta ya kuanzia. Baadaye Hawking akauliza: basi Muumba ana nafasi gani? Wengi waliichukua kauli hiyo wakakimbia nayo. Lakini "hakuna" ya wanafizikia ina sheria za kwanta, ina milinganyo, ina uwezekano unaohesabika. Ni kitu, tena kitu chenye mpangilio wa ajabu. Anayesema ameeleza kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwepo kitu chochote, huku akiwa ameanza na sheria mkononi, hajaligusa swali. Na Hawking mwenyewe alilijua, kwa sababu ni yeye aliyeuliza ni nini kinachopulizia moto milinganyo hiyo na kuifanya iwe na ulimwengu wa kuueleza. Kauli ya kwanza inanukuliwa kila siku na hii ya pili inaachwa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Linaloniuma zaidi ni jinsi maandiko yanavyotumiwa. Aya ya 30 ya Suratul Anbiyaa inataja mbingu na ardhi kuwa zilikuwa zimeambatana kisha zikatenganishwa, na leo inasomwa mbele ya vijana kana kwamba ni taarifa ya Mlipuko Mkubwa. Tabari, mfasiri wa kale wa Qur'ani aliyekusanya kauli za waliotangulia, alikuta tafsiri kadhaa, na aliyoipa uzito ni kwamba mbingu ilikuwa imefungwa bila mvua na ardhi imefungwa bila mimea, kisha Mungu akazifungua. Mwisho wa aya unataja maji na uhai. Aya ya 47 ya Adh-Dhaariyat husomwa kuwa utabiri wa mtanuko wa anga, na wasomaji hawaambiwi kwamba ulimwengu wa Hoyle nao ulikuwa unatanuka, na haukuwa na mwanzo. Kwa Wakristo ni hivyohivyo: siku sita zinavutwa ziwe mabilioni ya miaka, "Iwe nuru" inageuzwa kuwa mionzi ya Penzias na Wilson. Waraka kwa Waebrania unasema kwa imani twafahamu ya kuwa ulimwengu uliumbwa kwa neno la Mungu. Kwa imani, si kwa antena. Kijana aliyefundishwa kwamba Kitabu ni cha kweli kwa sababu kinafanana na fizikia ya mwaka huu, siku fizikia ikibadilika atakuwa amefundishwa pia jinsi ya kukiacha.

Tukumbuke pia kwamba si dini zote zilizosimama juu ya mwanzo mmoja. Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, hufundisha ulimwengu usioumbwa. Wahindu wengi huhesabu mizunguko ya kalpa, kila mmoja miaka bilioni 4.32, na Buddha alipoulizwa kama ulimwengu ni wa milele, aliliacha swali bila jibu. Hoja inayodai kwamba dini yenyewe inahitaji sekunde ya kwanza inawasahau mamilioni ya watu wa dini.

Hivi sasa kazi ya kupima inaendelea. Kama ulimwengu mchanga ulipitia kipindi kifupi cha mtanuko wa kasi kupindukia, kama Guth alivyopendekeza miaka ya mwanzo ya 1980, huenda kiliacha mawimbi ya uvutano yaliyotia alama hafifu kwenye mwelekeo wa mtetemo wa ule mwanga wa kale. Machi 2014 kundi la darubini ya BICEP2, kule Ncha ya Kusini, lilitangaza kwamba limeiona alama hiyo. Kufikia mwanzoni mwa 2015, kwa msaada wa data za chombo cha angani cha Planck, ilibainika kwamba vumbi la galaksi yetu lilikuwa limechangia sehemu kubwa ya kilichoonekana, na madai hayakusimama. Darubini mpya zinaendelea kuitafuta. Wanafizikia Paul Steinhardt na Neil Turok, waliopendekeza kwamba Mlipuko Mkubwa ulikuwa mpito tu kutoka ulimwengu uliojikunja kwenda huu unaotanuka, walitamka mapema kwamba mawimbi hayo yakithibitishwa, modeli yao imeanguka. Wanaotumia mwanzo wa ulimwengu kama ithibati ya Mungu, na wanaotumia umilele wake kama ithibati kwamba hayupo, nawaomba wafanye kama hao wawili: waseme sasa, kabla ya data kuja, ni matokeo gani yatawafanya waiondoe hoja yao jukwaani.